Mukija nyumbani, murudi wazima: maneno kuhusu chanjo, malaria na kupokea wageni wa vakansi

Maneno yaliyosemwa na timu ya uwanjani katika mkutano wa wanachama, kabla ya vakansi kubwa



Mwezi wa saba unakaribia na simu zimeanza kulia. "Yaya, tumepata tiketi." "Shangazi, mwaka huu tunakuja na watoto." Ni furaha kubwa. Wengi wetu tuliachana kambini, Kala na Mwange kule Zambia, Lugufu na Nyarugusu kule Tanzania. Wengine tulirudi, tukashuka Moba na Kalemie, tukaanza tena kulima na kuvua. Wengine waliitwa kwenda Marekani, Kanada au Australia. Miaka imepita, watoto wamezaliwa kule, na sasa wanataka kuona ziwa na kaburi la nkambo.

Leo hatukuja kuongea juu ya mbegu wala minervali. Tumeomba nafasi ya kuongea juu ya afya ya wageni hao, kwa sababu mwaka uliopita tulikosea, na kosa letu lilikaribia kuua mtoto.

Kilichotokea

Mama mmoja, binti wa mwanachama wetu, alitupigia simu kutoka Marekani. Nkambo alikuwa amefariki, na yeye alikuwa anakuja kwenye kilio pamoja na mtoto wake wa kike wa miaka saba. Akatuuliza: "Tunahitaji nini?" Tulidhani tumemjibu vizuri. Tulimweleza habari ya viza, ndege ya Lubumbashi, ndege ya Kalemie, barabara ya kijijini upande wa Moba, na namna ya kubadilisha dola. Juu ya afya tulisema neno moja tu: "Usisahau karte ya manjano." Alipouliza juu ya malaria, mmoja wetu alicheka akamwambia: "Mama, wewe ni mutoto wa hapa. Damu yako inajua mbu wa hapa."

Walifika, wakapokelewa kwa machozi na kwa nyimbo. Usiku walikaa nje kwenye kilio pamoja na watu wote. Mtoto alilala na binamu zake watatu kwenye mkeka mmoja, bila chandarua. Chandarua kilikuwemo nyumbani humo, lakini bado ndani ya plastiki yake, kinatunzwa. Kilikuwa kimoja cha vile tulivyonunua kwa mchango wa jamaa wa ng'ambo. Mama huyo mwenyewe alikuwa amechangia.

Siku ya 16 mtoto akapata homa. Wakampa vidonge vilivyobaki vya binamu yake. Siku ya tatu ya homa akaanza degedege. Tulimbeba kwa pikipiki, halafu kwa gari la kukodi, mpaka hospitali. Ilikuwa malaria kali, na damu yake ilikuwa imepungua sana. Alichomwa sindano za artesunate, akaongezwa damu iliyotolewa na mjomba wake. Alipona. Tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru waganga na wauguzi waliokesha naye.

Na wale binamu watatu wa mkeka ule ule? Mmoja alipata homa ya siku mbili, akapimwa, akapewa dawa, akarudi kucheza. Wawili hawakuugua kabisa.

Baba wa mtoto alitupigia simu baadaye. Hakupandisha sauti. Alisema tu: "Mulituambia habari ya barabara. Hamukutuambia habari ya mbu."

Pesa ya hospitali na ya usafiri ilitoka kwenye sanduku letu la kusaidiana. Zaidi ya nusu ya ile tuliyoweka kwa minervali ya wanafunzi wa sekondari ilikwenda huko. Familia inarudisha kidogo kidogo, na hatuwalaumu. Lakini ninyi wanachama muko na haki ya kujua pesa ilikwenda wapi, na kujua kwamba tungemjibu vizuri yule mama tangu mwanzo, labda isingetoka.

Kwa nini mtoto wa hapa anaugua kama mgeni

Neno lile la "damu yako inajua mbu wa hapa" liko na ukweli nusu, na nusu ile njo inaua.

Mtu anayekaa hapa na kuumwa na mbu mwaka kwa mwaka, mwili wake hujifunza polepole kupigana na kijidudu cha malaria. Hapati kinga kamili. Anaweza kuugua, lakini mara nyingi hafikii hali mbaya. Kinga hiyo inakaa kwa sababu anaambukizwa tena na tena. Akiondoka akaishi mahali pasipo na malaria, inapungua. Si lazima aende mbali: hata Johannesburg hakuna malaria, na aliyekaa kule miaka mingi anarudi hapa akiwa amepoteza sehemu kubwa ya kinga yake.

Tena hairithiwi. Mtoto aliyezaliwa Kanada anarithi jina la nkambo na sura ya baba. Kinga ya malaria hairithi. Kwa mbu wa Moba, mtoto huyo ni sawa na mtoto wa mzungu aliyeshuka avioni jana.

Na sisi tunaobaki tusijisifu. Kinga yetu ililipwa. Nchi yetu ni ya pili duniani, nyuma ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, na wengi wanaokufa nayo ni watoto wa chini ya miaka 5. Ukimwona kijana wa miaka 12 hajali mbu, ujue amepita pale ambapo wenzake wengine hawakupita. Hakuna nyumba humu mkutanoni isiyojua tunachosema.

Waganga wa Ulaya na Marekani wanajua jambo hili vizuri. Wengi wa wagonjwa wa malaria wanaowapokea kutoka Afrika si watalii. Ni watu wetu waliokwenda kuona familia. Mtalii anaogopa, kwa hiyo anajiandaa. Mtu wetu anasema "ninaenda kwetu", haogopi. Anasafiri ghafla kwa sababu ya kilio, anakaa wiki nyingi, analala kijijini, anakaa nje usiku. Na kuna sababu nyingine ambayo tuiseme bila haya: bei. Katika nchi nyingi chanjo za safari na vidonge vya malaria mtu anajilipia mwenyewe, na familia ya watu sita ikipiga hesabu inaona ni karibu tiketi nyingine. Ndiyo maana tunawaambia ninyi wa ng'ambo: muweke pesa ya dawa ndani ya hesabu ya tiketi tangu siku ya kwanza. Ikionekana haitoshi, ni afadhali wachache waje mwaka huu wakiwa wamejikinga kuliko wote waje bila kitu.

Kabla ya kuondoka

Mutafute kituo cha chanjo za wasafiri wiki 6 hadi 8 kabla ya safari. Kama ni kilio na munaondoka wiki hii, muende hivyo hivyo. Kuna mambo yanayowezekana hata siku mbili kabla.

La kwanza ni homa ya manjano. Hii ni sheria. Kongo inaomba karte ya manjano kwa kila msafiri anayeingia, kuanzia mtoto wa miezi 9. Chanjo ni moja tu, na karte inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo musichanjwe kesho yake kuna ndege. Tangu tarehe 11 Julai 2016 karte hiyo ni ya maisha yote. Hata karte ya zamani iliyoandikwa miaka 10 inahesabika vilevile, kwa hiyo mutafute kwenye masanduku kabla ya kulipa tena. Na mukipita Kigoma au Kasumbalesa wakati wa kutoka, muwe nayo mkononi, kwa sababu Tanzania na Zambia wanaiomba kwa wanaotoka nchi zenye homa ya manjano, na Kongo ni moja yao.

Chanjo hii ina kijidudu hai kilichodhoofishwa. Haifai kwa kila mtu. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye miaka 60 na zaidi, mwenye ugonjwa au dawa zinazopunguza nguvu ya mwili, au anayedhurika vibaya akila yai, lazima aongee na muganga kwanza. Muganga akiona haimfai, anamwandikia cheti. Musinunue karte ya bandia. Inaweza kupita mpakani, lakini mbu haangalii karatasi.

La pili ni chanjo za kawaida, zile ambazo watoto kule mara nyingi wanapata bila kulipa. Surua isichukuliwe kama kitu kidogo. Katika mlipuko mkubwa ulioanza mwaka 2019, surua iliua watu zaidi ya 6,000 hapa Kongo, wengi wao watoto wadogo. Mukiwa na mtoto wa miezi 6 hadi 11, muulize muganga kama apewe dozi ya mapema kwa ajili ya safari. Muangalie pia polio na pepopunda kama zimekamilika, na wakubwa nao waangaliwe, siyo watoto tu.

La tatu ni chanjo za chakula na maji: homa ya matumbo, yaani tifoidi, na homa ya ini aina ya A. Ya tifoidi ya sindano ichomwe angalau wiki mbili kabla. Ya kichaa cha mbwa inafaa kufikiriwa kwa watoto watakaokaa kijijini muda mrefu, kwa sababu mtoto anacheza na kila mbwa, na dawa yake si rahisi kupatikana huku ndani.

Vidonge vya malaria

Wengine wanatuuliza: "Hakuna chanjo ya malaria sasa?" Iko, kwa watoto wadogo wanaoishi Afrika. Nchi yetu ilianza kuitoa mwaka 2024 katika jimbo la Kongo-Kati. Lakini si kwa wasafiri. Msafiri kinga yake ni vidonge, chandarua, na dawa ya kupaka.

Vidonge vinavyotumika zaidi ni vya aina tatu, na muganga njo anachagua kulingana na mtu.

Atovakwoni-proguanili: unaanza siku 1 au 2 kabla ya kufika, unameza kila siku, unaendelea siku 7 baada ya kuondoka. Kuna vidonge vidogo vya watoto. Ndiyo inayofaa kwa safari ya ghafla, ila mara nyingi bei yake iko juu.

Doksisaiklini: unaanza siku 1 au 2 kabla, kila siku, na unaendelea wiki 4 baada ya kuondoka. Mara nyingi ni ya bei nafuu. Lakini haipewi watoto wadogo wala mwenye mimba, na inafanya ngozi iungue haraka na jua.

Meflokwini: ni kidonge kimoja kwa wiki. Ni vizuri kuanza wiki 2 au 3 kabla, na unaendelea wiki 4 baada ya kuondoka. Haifai kwa mtu aliyewahi kuwa na kifafa au ugonjwa wa akili, au mwenye huzuni nzito.

Sasa musikilize makosa tunayoyaona kila mwaka. Kosa la kwanza ni kuacha vidonge siku ya kupanda ndege ya kurudi. Kijidudu kinaweza kuwa tayari ndani ya mwili, kimejificha, na dawa za baada ya safari ndizo zinazokimaliza. Kosa la pili ni kumsikiliza mzee anayesema kloroquine inatosha. Ilitosha zamani. Malaria ya huku imekwisha kuizoea. Kosa la tatu ni kugawa kidonge cha mkubwa kwa mtoto kwa macho. Dawa ya mtoto inapimwa kwa kilo zake. Kosa la nne ni kusema "tutanunua kule, kule ni bei nafuu." Dawa za bandia zimo sokoni, na kile munachouziwa mara nyingi ni dawa ya kutibu, siyo ya kukinga. Munue kwa farmasi ya kule munakotoka, mulete za kutosha mpaka siku ya mwisho.

Mwenye mimba, kama safari inaweza kungoja, ingoje. Malaria inamshika mwenye mimba vibaya zaidi, na inaweza kumuua mtoto tumboni. Na mwenye mtoto mgonjwa wa SS asikate tiketi kabla ya kuongea na muganga wake.

Mukishafika

Mbu wa malaria anauma kuanzia jioni mpaka alfajiri. Hiyo njo saa ya kilio, saa ya mazungumzo, saa ya kuota moto na kusikiliza wazee. Hatusemi muingie ndani mukae peke yenu. Hilo hakuna atakayelikubali, na sisi wenyewe tungelia. Tunasema hivi: jua likishuka, mikono mirefu, suruali ndefu au kitenge mpaka chini, soksi, na mafuta ya kufukuza mbu yenye DEET ya asilimia 20 hadi 50, kwa watoto wa zaidi ya miezi 2. Halafu kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa, ncha zake zimeingizwa chini ya godoro au mkeka. Ule msimu wa kiangazi wa mwezi wa saba na wa nane usiwadanganye. Mbu wanapungua, hawaishi.

Juu ya maji: upande wetu wa ziwa, Kalemie na vijiji vyake, kolera haiko mbali. Maji ya kunywa yachemke kabisa kwa dakika moja nzima, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Bukari ya moto na mikebuka iliyotoka jikoni sasa hivi haina shida. Shida ni chakula kilicholala, maji ya kopo la kila mtu, na matunda yaliyooshwa kwa maji mabichi. Ndizi na embe mumenye wenyewe.

Kuhara kukianza, kitu cha kwanza ni kurudisha maji mwilini. Paketi za ORS zinapatikana kwenye vituo vya afya. Zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyojaa kupita ukingo, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, bila kuacha. Kama anahara maji matupu kama ya mchele, musingoje asubuhi, mumpeleke.

Ziwa letu ni zuri, na watoto wataingia. Lakini penye maji ya kina kifupi na majani kuna konokono, na kwa konokono kuna kichocho. Musiwaache waoge hapo. Walioingia wapimwe wiki 6 hadi 8 baada ya kurudi, hata kama hawaumwi. Dawa yake ipo na inaponya.

Mtoto akiumwa na mbwa, hata jeraha likiwa dogo, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu siku ile ile atafutiwe chanjo. Musingoje muone kama mbwa ataugua. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, hakiponyeki.

Na homa? Homa yoyote ya mgeni, kuanzia siku ya 7 baada ya kufika, ni malaria mpaka kipimo kikatae. Kituo cha afya kina kipimo cha haraka, TDR, tone moja la damu la kidole. Apimwe siku ile ile. Asipewe vidonge vilivyobaki vya binamu. Sisi tuliona kwa macho siku tatu zile zilifanya nini.

Mukisharudi

Sehemu hii tunaomba jamaa wa ng'ambo waisome mara mbili. Malaria inaweza kuwapata mukiwa mumesharudi kazini na shuleni. Iliyo kali zaidi hujitokeza mara nyingi ndani ya miezi 3, lakini homa yoyote ndani ya mwaka mmoja baada ya safari ipimwe. Muganga wa kule anaweza kufikiri ni mafua. Hakuuliza ulikuwa wapi, nawe hukusema. Kwa hiyo museme wenyewe, neno la kwanza mlangoni: "Nimetoka Kongo. Naomba nipimwe malaria leo." Kipimo cha kwanza kikisema hakuna na homa inaendelea, muombe kirudiwe kesho yake, na keshokutwa. Hata kama mulimeza vidonge vyote bila kukosa, museme hivyo hivyo, kwa sababu hakuna dawa inayokinga mia kwa mia.

Sasa kwetu sisi wenyeji

Tunajua neno linalosemwa kwenye nyua zetu. Mgeni akiomba maji yaliyochemshwa, tunanong'ona: "Angalia, amekuwa muzungu. Maji ya mama yake yanamuchukiza." Akitundika chandarua, tunacheka. Na mgeni kwa haya anakunywa maji yale, anafunga chandarua chake, analala kama sisi. Amekubali hatari ili asituudhi. Je, hiyo ni heshima?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, mgeni analeta baraka. Basi na mwenyeji naye amponye mgeni. Tumekubaliana na kamati mambo matatu, na tunawaomba muyapitishe leo.

Moja: mwanachama anayengoja wageni kutoka ng'ambo atujulishe miezi miwili kabla. Tutampigia mgeni simu sisi wenyewe na kumwambia haya yote, kabla hatujasema neno juu ya barabara. Kwa wale wa kilio cha ghafla tutapiga siku ile ile.

Mbili: maji yaliyochemshwa yawekwe mbele ya mgeni bila yeye kuomba, na chandarua kitundikwe kabla ya kuku kuchinjwa. Mama wa nyumba afanye hivyo kwa moyo mmoja na anavyotandika shuka safi. Tukianza sisi, mgeni hatakuwa na haya tena.

Tatu: kila chandarua kilicho ndani ya plastiki kitoke leo jioni. Tunaelewa kwa nini kinatunzwa. Aliyekimbia mara mbili akiacha kila kitu anajifunza kuweka kilicho kizuri kwa ajili ya kesho. Lakini chandarua kilicho kabatini hakimlindi mtu, na mtoto anayekihitaji yuko hapa sasa.

Kwenu wafadhili, ndugu zetu: tunawashukuru kwa kila dola. Munatutumia vyandarua, na sisi tunapokea kwa mikono miwili. Ombi letu la mwaka huu ni dogo. Mukija na mtoto, musilete chandarua chake peke yake. Muulize kwanza watalala wangapi kwenye mkeka ule, na mulete cha kuwatosha wote. Mukiondoka, kibaki. Mtoto wenu atarudi mzima, na wale binamu zake, ambao kinga yao ni ya nusu tu na ambao wadogo zao bado hawana hata hiyo nusu, wataendelea kulala ndani yake.

Yule mtoto wa miaka saba sasa yuko na miaka minane. Juzi alituma ujumbe wa sauti kwa binamu zake akiwauliza kama mbuzi wa nkambo amezaa. Amezaa, mbili. Anasema anataka kurudi kuwaona. Mama yake ametuuliza tena: "Tunahitaji nini?"

Safari hii tumemjibu kuanzia mbu.

 Mungu awalinde njiani wote wanaokuja.